Mkato mmoja, hesabu mbili: Alama ndogo inayowatenganisha majirani wa Kibondo na Kasulu

Na Mwandishi Wetu

ALAMA ya mkato, ambayo wengine huiita koma, ni miongoni mwa alama ndogo kabisa katika uandishi. Mwanafunzi wa shule ya msingi huichora kwa mguso mmoja wa kalamu na kuendelea na sentensi yake. Hata hivyo, katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, kuanzia Kasulu hadi Kibondo na Kasanda, alama hiyo inaweza kugeuza kilo moja na nusu kuwa kilo elfu moja na mia tano, na wala asiwepo aliyeandika vibaya.

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara wa Mabamba, wilayani Kibondo, akiandika katika daftari lake 1,500, anakusudia elfu moja na mia tano. Jirani yake wa Gisuru, upande wa pili wa mpaka wa Burundi, aliyefundishwa hesabu kwa Kifaransa, akiziona tarakimu hizohizo anasoma moja na nusu. Kwake yeye mkato ndio mpaka kati ya namba nzima na sehemu yake. Akitaka kuandika elfu moja na mia tano, huacha nafasi, 1 500, au huweka nukta, 1.500. Nukta hiyo nayo, ikivuka mpaka na kuja Mabamba, husomwa kuwa moja nukta tano.

Ajabu ni kwamba watu hawa wawili, wakizungumza, hawana tatizo lolote. Kiha na Kirundi ni lugha zenye udugu wa karibu sana, kiasi kwamba Muha na Mrundi husikilizana bila mkalimani. Pale wasiposikilizana kwa lugha hizo, Kiswahili kipo. Bei ikitajwa kwa mdomo, kila mmoja anaielewa. Utengano unaanza bei hiyo inapoandikwa.

Makala haya yanaeleza mabishano kuhusu mkato yalikotoka, kwa nini hata Waingereza na Wamarekani hawajakubaliana juu yake, na kwa nini jambo hilo linaloonekana kuwa la walimu wa sarufi linamhusu mkulima, mgonjwa, mfanyakazi na mahakama.

Urithi wa wakoloni

Tofauti ya mkato katika mpaka wa Kigoma haikuletwa na Waha wala Warundi. Ni urithi wa mataifa ya Ulaya yaliyogawana eneo hili. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, nchi ambazo leo ni Tanzania Bara, Burundi na Rwanda zilikuwa chini ya himaya moja ya Ujerumani. Wajerumani, kama walivyo Wafaransa na Wabelgiji, hutumia mkato kutenganisha namba nzima na desimali. Kwa hiyo katika nyaraka za utawala wa wakati huo, pande zote mbili za mpaka wa leo zilikuwa chini ya kanuni moja ya uandishi.

Mwaka 1916 majeshi ya Ubelgiji yakitokea Kongo yaliuteka mji wa Kigoma na Ujiji. Mei 1919, Uingereza na Ubelgiji zilipatana juu ya kugawana sehemu hii ya koloni la Ujerumani: Ruanda-Urundi ikawa ya Ubelgiji, na Tanganyika ikawa ya Uingereza. Wabelgiji waliikabidhi Kigoma kwa Waingereza mwaka 1921, wakabaki na haki ya kutumia eneo maalumu katika bandari ya Kigoma na lingine Dar es Salaam kwa ajili ya mizigo ya makoloni yao.

Tangu hapo shule zilizojengwa mashariki ya mpaka zilifuata vitabu vya Kiingereza, ambamo nukta ndiyo hutenga desimali na mkato hutenga maelfu. Shule za magharibi ya mpaka zilifuata vitabu vya Kifaransa, ambamo kazi hizo zimepangwa kinyume. Kama Wabelgiji wangebaki Kigoma, mwanafunzi wa Kasulu wa leo angeandika moja na nusu kwa mkato, na mwalimu wake angempa alama ya vema.

Tofauti hiyo haikuishia kwenye tarakimu. Aliyesomea Kifaransa, hata anapoandika Kiswahili, huacha nafasi kabla ya alama ya kuuliza na kabla ya nuktapacha, na huyafunga maneno aliyoyanukuu kwa alama zenye umbo la pembe. Aliyesomea Tanzania huibana alama ya kuuliza na neno lililotangulia, na hutumia alama za kunukuu za Kiingereza. Kiswahili ni kimoja, lakini mavazi yake ni ya nyumba mbili.

Mitaala mitatu katika wilaya chache

Kwa miongo kadhaa jambo hili lilikuwa la mpakani tu. Vita na machafuko katika nchi jirani vililileta hadi ndani ya wilaya. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo. Mwaka 2015, baada ya mgogoro wa kisiasa wa Burundi, wimbi jipya la wakimbizi liliingia Kigoma, na kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ikafunguliwa tena. Mapema mwaka 2016 ilifuata Mtendeli, wilayani Kakonko, wilaya iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012 na ambayo Kasanda ni mojawapo ya kata zake. Mtendeli ilifungwa mwaka 2021.

Sera iliyofuatwa katika kambi hizo ilikuwa watoto wafundishwe kwa mitaala ya nchi zao, ili watakaporejea makwao waendelee na masomo. Watoto wa Kikongo walisoma kwa Kifaransa na kufanya mitihani ya Kongo. Watoto wa Kirundi walisoma mtaala wa Burundi, wenye Kirundi na Kifaransa. Kilometa chache kutoka hapo, watoto wa vijiji vya Tanzania walisoma hesabu kwa Kiswahili katika shule ya msingi, na kwa Kiingereza walipofika sekondari.

Sera hiyo ilikuwa na sababu zake za msingi, na si lengo la makala haya kuihukumu. Lakini matokeo yake ni kwamba katika wilaya hizo walikua vijana waliocheza pamoja na kuuziana maharage katika masoko ya pamoja, ilhali kila kundi lilifundishwa kwamba mkato wa kundi lingine ni makosa.

Hatari iko wapi hasa?

Ni vema kuwa waangalifu hapa, kwa maana si kila mkato wa kigeni unaleta madhara. Mtanzania akiona 2,5 atahisi mara moja kwamba hiyo si elfu mbili na kitu, kwa kuwa maelfu huhitaji tarakimu tatu baada ya mkato. Atashangaa kidogo, kisha ataelewa. Hatari ipo pale zinapofuata tarakimu tatu kamili. Namba kama 1,250 au 3,500 ni halali katika kanuni zote mbili, na kila moja huipa thamani yake. Tofauti ya thamani hizo ni mara 1,000.

Mara nyingine mazingira humwokoa msomaji. Kadi ya kliniki ikionyesha kwamba mtoto alizaliwa na kilo 3,250, muuguzi wa Kitanzania hatadhani kwamba mtoto huyo ana uzito wa tani tatu. Atajua aliyeandika alikusudia kilo tatu na robo. Lakini mazingira hayaokoi kila siku. Hati ya shehena inayotaja kilo 1,250 za maharage inaweza kuwa kifurushi cha zawadi au mzigo wa lori dogo, na yote mawili hupita mpakani. Kwa upande wa dawa, kipimo kilichoandikwa kwa mkono kina hatari ya namna nyingine: mkato au nukta iliyofifia hupotea kabisa, na nusu ikageuka kuwa tano. Ndiyo maana wahudumu wa afya hufundishwa kutanguliza sifuri kabla ya desimali, na kutoweka sifuri isiyo na kazi mwishoni.

Kompyuta nazo zimeliongezea tatizo hili sura nyingine. Kila kompyuta hupangwa kufuata desturi za nchi fulani. Iliyopangwa kwa Kifaransa hutarajia mkato kwenye desimali. Iliyopangwa kwa Kiingereza hutarajia nukta. Orodha ya vipimo iliyoandaliwa Bujumbura ikifunguliwa katika kompyuta ya Kasulu, huenda tarakimu zikageuka kuwa maneno yasiyoweza kujumlishwa, au mbaya zaidi, zikakubalika kwa thamani isiyo yake. Mashine haishangai kama anavyoshangaa muuguzi.

Kiingereza chenyewe hakina sauti moja

Wapo wanaodhani kwamba suluhisho ni kufuata Kiingereza sahihi. Swali ni Kiingereza cha wapi. India, iliyotawaliwa na Waingereza kwa muda mrefu kuliko Tanganyika, huandika laki moja hivi: 1,00,000. Mkato wa kwanza kutoka kulia hutenga tarakimu tatu, na inayofuata hutenga mbili mbili, ili kulionyesha laki lenyewe. Waswahili tulilipokea neno laki kutoka Bara Hindi, tukalihesabia fedha na watu, lakini mkato wake hatukuuchukua. Tunatamka kihindi na kuandika kiingereza, 100,000. Afrika Kusini, ambako Kiingereza ni mojawapo ya lugha rasmi, ilichagua rasmi mkato kuwa alama ya desimali ilipobadili vipimo katika miaka ya 1970, ingawa watu wengi huko wanaendelea kutumia nukta.

Katika sentensi mambo ni magumu zaidi. Mabishano makubwa ni juu ya mkato unaowekwa kabla ya neno la mwisho katika orodha, yaani kabla ya “na”. Waingereza wengi, pamoja na magazeti yao makubwa, huuacha. Lakini kiwanda cha uchapaji cha Chuo Kikuu cha Oxford, kilicho hukohuko Uingereza, kimeutumia kwa zaidi ya karne moja, hata ukaitwa mkato wa Oxford. Kanuni za kiwanda hicho, zilizoandikwa na msimamizi wake Horace Hart kwa ajili ya wapanga herufi mwaka 1893, ziliuzwa kwa umma kuanzia mwaka 1904.

Nchini Marekani mgawanyiko hauko kati ya mikoa bali kati ya kazi. Wachapishaji wa vitabu hufuata mwongozo wa Chuo Kikuu cha Chicago, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1906, unaoutaka mkato huo. Wanahabari wengi hufuata mwongozo wa shirika la habari la Associated Press, ambao katika orodha fupi hauutaki. Msomaji anayenunua kitabu na gazeti siku moja hukutana na kanuni mbili za nchi moja.

Mabishano hayo hayajapoa. Januari 2020, Uingereza ilipotoa sarafu ya peni 50 kuadhimisha kujitoa katika Umoja wa Ulaya, mwandishi wa riwaya Philip Pullman aliwataka watu wenye elimu waisusie, kwa sababu maneno matatu yaliyochorwa juu yake yalikosa mkato kabla ya la mwisho. Mwaka 2022, Waziri wa Afya wa Uingereza, Thérèse Coffey, alipoingia ofisini, watumishi wa wizara yake walipewa maelekezo ya uandishi yaliyowataka wauepuke mkato huohuo.

Mwanafunzi wa sekondari ya Kibondo husoma vitabu vilivyofuata desturi ya Uingereza, kisha huandika katika kompyuta iliyopangwa kwa Kiingereza cha Marekani, inayompigia mstari mwekundu chini ya maneno aliyofundishwa kuwa ni sahihi. Hata tarehe zetu ni mchanganyiko. Katika magazeti ya Kiswahili utaona Desemba 9, 1961, kwa mpangilio na mkato wa Kimarekani. Katika barua za ofisini utaona 9 Desemba, 1961, mpangilio wa Kiingereza uliobandikwa mkato ambao Waingereza wa leo wameuacha. Hakuna aliyepotea njia kwa sababu hiyo, lakini ni ushahidi kwamba Kiingereza cha Tanzania, kama cha Kenya au India, kina desturi zake na si nakala ya London.

Mkato mahakamani

Msomaji anaweza kusema kwamba ya sarafu na magazeti ni mabishano ya walioshiba. Lakini mkato umewahi kupelekwa mbele ya majaji, na maisha na fedha za watu zikawa mizani.

Kesi inayokumbukwa zaidi ni ya Roger Casement, mtu ambaye jina lake linafahamika pia katika historia ya Kongo. Akiwa balozi mdogo wa Uingereza katika Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold, aliandika ripoti iliyochapishwa mwaka 1904 ikifichua ukatili waliofanyiwa Wakongo katika ukusanyaji wa mpira. Baadaye alijiunga na harakati za uhuru wa Ireland, akatafuta msaada Ujerumani wakati wa vita, akakamatwa na kushitakiwa London kwa uhaini.

Sheria iliyotumika ilikuwa ya mwaka 1351, iliyoandikwa kwa Kifaransa cha kale. Mawakili wake walisema kwamba inahusu uhaini uliofanywa ndani ya nchi tu. Upande wa mashitaka ulisema inawahusu pia walio ng'ambo. Jibu lilitegemea namna maneno yalivyokatwa, na majaji walikwenda kuikagua hati ya asili kutafuta alama. Casement alinyongwa Agosti 3, 1916, na tangu hapo ukazuka usemi kwamba alinyongwa kwa mkato. Ilikuwa mwaka uleule ambao Wabelgiji waliingia Kigoma.

Kesi ya pili ni ya Kanada. Kampuni ya Rogers ilikuwa na mkataba na kampuni ya Aliant wa kutundika nyaya zake katika nguzo. Rogers iliamini kwamba mkataba hauwezi kuvunjwa ndani ya miaka mitano ya kwanza. Aliant iliusoma mkato mmoja katika sentensi ya Kiingereza kuwa unaruhusu kuuvunja wakati wowote kwa notisi ya mwaka mmoja. Mwaka 2006 mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo iliipa haki Aliant kwa sababu ya mkato huo. Mwaka 2007 uamuzi ulibatilishwa, baada ya kutazamwa nakala ya Kifaransa ya mkataba wa mfano, ambayo maana yake haikuwa na utata. Lugha ya pili iliokoa kile ambacho mkato wa kwanza ulikiharibu.

Kesi ya tatu inawahusu madereva wa magari ya maziwa katika jimbo la Maine, Marekani. Sheria ya jimbo hilo iliwanyima malipo ya saa za ziada wafanyakazi wa kusindika, kuhifadhi, kukausha, kuuza, “kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza” vyakula vinavyoharibika, pamoja na kazi nyingine zilizotajwa. Msomaji aone jinsi utata ulivyo wazi hata kwa Kiswahili. Je, kusambaza ni kazi inayojitegemea, au ni kufungasha tu, kwa ajili ya kusafirisha au kwa ajili ya kusambaza? Madereva walisambaza maziwa lakini hawakufungasha. Kama kungekuwa na mkato kabla ya “au”, wasingekuwa na hoja.

Machi 2017 Mahakama ya Rufaa ya Marekani mjini Boston iliamua kwamba sheria hiyo ina utata, na kwamba utata huo uwanufaishe wafanyakazi. Mwaka 2018 kampuni yao, Oakhurst Dairy, ilikubali kulipa dola milioni 5. Jambo la kuzingatia ni kwamba mwongozo wa waandishi wa sheria wa Maine ulikuwa ukiwaelekeza wasiuweke mkato huo. Waandishi walifuata kanuni ya nyumba yao, na kanuni hiyohiyo ndiyo iliyoigharimu kampuni.

Na Kiswahili chetu?

Kiswahili kilipoandikwa kwa herufi za Kiarabu kilikuwa na desturi zake za kugawa maneno na mishororo. Mkato tunaoutumia leo ulikuja na herufi za Kilatini, kwa mikono ya wamisionari na serikali za kikoloni. Haishangazi basi kwamba Kiswahili cha Tanzania na Kenya kimeakifishwa kwa desturi ya Kiingereza, na kile cha Kongo na Burundi kwa desturi ya Kifaransa.

Shuleni tunafundishwa kutoweka mkato kabla ya “na” ya mwisho: Kasulu, Kibondo na Kakonko. Mara nyingi hilo halina madhara. Lakini tuisome sentensi hii: “Shukrani ziende kwa wazazi wangu, mwalimu mkuu na diwani.” Je, walioshukuriwa ni watu wanne, au wazazi hao wawili ndio mwalimu mkuu na diwani? Mkato mmoja baada ya neno “mkuu” ungetuondolea shaka. Mwalimu anayeusahihisha kwa wino mwekundu kila anapouona anamnyima mwanafunzi chombo ambacho siku moja atakihitaji.

Mfano mwingine ni mzito zaidi. “Wakulima waliojiandikisha watapewa mbolea” maana yake ni kwamba ambao hawakujiandikisha hawatapewa. “Wakulima, waliojiandikisha, watapewa mbolea” inaweza kusomwa kwamba wakulima wote watapewa, na kwamba wote wamekwisha kujiandikisha. Kwa mkulima wa Kasanda aliyepata tangazo hilo kwa ujumbe wa simu, mikato hiyo miwili ndiyo mfuko wa mbolea.

Mambo haya yamepata uzito mpya tangu mwaka 2021, Bunge la Tanzania lilipopitisha mabadiliko ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza kwa miongo mingi zinahitaji kuhamishiwa katika Kiswahili. Mfasiri anayehamisha maneno na kuisahau mikato, au anayeihamisha mikato ya Kiingereza mahali ambapo sarufi ya Kiswahili haiihitaji, anaweza kutunga sheria ambayo Bunge halikuipitisha.

Hali kadhalika Jumuiya ya Afrika Mashariki imepanuka. Mkataba wake wa mwaka 1999, katika ibara ya 137, uliifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi na kutaka Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano. Wakati huo wanachama walikuwa nchi tatu zilizotawaliwa na Uingereza. Burundi na Rwanda zilijiunga mwaka 2007, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022. Kwa hiyo mkato wa Kifaransa si mgeni tena katika nyaraka za jumuiya hiyo. Ni wa mwanachama.

Nini kifanyike?

Jambo la kwanza ni kuacha kuitana wajinga. Aliyeandika moja na nusu kwa mkato hakukosea. Amefuata kanuni ya sehemu kubwa ya Ulaya na ya nchi nyingi za Afrika. Mkutano Mkuu wa kimataifa wa Mizani na Vipimo, uliokutana Ufaransa mwaka 2003, ulitamka kwamba alama ya desimali iwe ama nukta au mkato. Mkutano huohuo ukasisitiza uamuzi wake wa mwaka 1948 kwamba tarakimu zinaweza kugawanywa tatu tatu kwa nafasi tupu, na kwamba nafasi hizo zisijazwe nukta wala mkato. Anayeandika 1 500 anasomwa kwa maana moja Kibondo, Bujumbura na Uvira. Hii ni kanuni ambayo shule, zahanati na mizani za mpakani zinaweza kuifuata bila gharama yoyote.

Pili, wino utumike kwa maneno. Kwenye hundi huandika kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, na sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 kuhusu hati za malipo, ambayo ndiyo mama wa sheria yetu, inasema vikitofautiana, maneno ndiyo yanayoshinda. Busara hiyo inafaa pia kwenye hati ya shehena na risiti ya mahindi. “Elfu moja na mia tano” haina mkato wa kugombaniwa, na Mrundi, Mkongo na Mtanzania huielewa sawasawa.

Tatu, kwenye vipimo tubadili kizio badala ya kubishana juu ya alama. Gramu 250 hazihitaji nukta wala mkato. Robo kilo iliyoandikwa kwa desimali inahitaji. Anayeweza kuandika mililita 5 asiandike sehemu ya lita.

Nne, waandishi wa sheria, mikataba na matangazo wajiulize kila mara: je, mkato huu ukifutika, maana itabadilika? Ikiwa jibu ni ndiyo, sentensi hiyo ivunjwe na kuandikwa upya, au orodha ipangwe kwa vipengele vyenye namba. Wabunge wa Maine walifanya hivyo baada ya kesi ya madereva: waliirekebisha sheria na kuweka nuktamkato kati ya kazi moja na nyingine.

Mwisho, taasisi zetu zinao uwezo wa kulisemea jambo hili. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1967, lina dhamana ya lugha. Shirika la Viwango na Wakala wa Vipimo wana dhamana ya namba na mizani. Mwongozo wa kurasa chache uliokubaliwa na pande hizo, na kupelekwa katika shule na vituo vya mpakani kwa Kiswahili kinachoeleweka pande zote, utakuwa na manufaa kuliko mabishano ya karne nzima ya Oxford na Chicago.

Mpaka baina ya Kigoma na Burundi ulichorwa na watu waliokuwa mbali, bila kuwauliza waliokuwa wakiuziana na kuoana hapo. Mkato ulikuja pamoja nao. Mpaka huo hauwezi kufutwa na walimu wala wafanyabiashara, lakini namna ya kuandika kilo ya maharage ili jirani aisome sawasawa iko katika uwezo wao tangu leo.